Njia ikikatika Malaba: mwongozo wa kulinda mzigo wa biashara yako Uganda

Uganda haina bahari, na hakuna mfanyabiashara wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, anayehitaji kukumbushwa hilo. Muulize bei ya katoni ya sabuni, atakujibu bila kuinua macho kwenye simu. Lakini muulize duka lake linaweza kuendelea kuuza siku ngapi ikiwa hakuna lori litakalofika, ataanza kuhesabu rafu. Mwongozo huu unahusu jibu la swali hilo la pili na namna ya kuliboresha. Umeandikwa kwa mwenye duka la jumla, kiwanda kidogo, kinu cha kusaga au ushirika wa mazao. Kampuni kubwa zina idara nzima za kazi hii, ingawa nazo hukwama vilevile.

Kwanza tukumbushane yaliyotupata, maana kila hatua hapa chini imetokana na moja ya hayo.

Mwanzoni mwa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya zilifunga barabara, na reli ikang'olewa pale Kibera. Kampala ikakosa mafuta, na matangi ya akiba ya Jinja yakakutwa hayana kitu. Februari 2019 mpaka wa Gatuna na Rwanda ulifungwa, haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Mwaka 2020 madereva walipimwa korona mpakani huku foleni ikikua kila siku. Januari 2021 intaneti ilizimwa wakati wa uchaguzi wetu wenyewe. Machi mwaka huohuo Kenya ikazuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, na kabla mwezi haujaisha meli ya Ever Given ikaziba mfereji wa Suez kwa siku sita. Januari 2022 madereva waligoma Malaba na Busia, mipaka yetu na Kenya, kwa sababu ya vipimo vya korona na ada yake, na mafuta yakapaa bei tena. Mei 2023 mafuriko yakaharibu barabara kwenye daraja la Katonga. Kuanzia mwisho wa 2023 meli nyingi zikaanza kuizunguka Afrika yote kukwepa mashambulizi ya Bahari ya Shamu. Septemba 2024 daraja la Karuma, kwenye barabara ya kaskazini, likafungwa kwa ukarabati.

Ukiitazama orodha hiyo, utaona sababu hazifanani: siasa, ugonjwa, maji, vita, karatasi. Kwa hiyo usijisumbue kutabiri tukio lijalo. Tafuta pale ambapo mzigo wako hauna njia nyingine ya kupita.

Hatua ya 1: Chora njia yote kwenye karatasi moja

Chukua bidhaa moja tu, ile inayokulipia kodi ya duka. Andika kila inapogusa, kutoka kiwandani hadi stoo: kiwanda, bandari ya kupakia, meli, Mombasa, lori au treni, Malaba, daraja la Jinja, ghala la Kampala, lori dogo, duka. Kwenye kila kituo andika jina la mtu unayempigia simu, na umri wa ile namba uliyonayo. Utashangaa ni vituo vingapi humjui mtu yeyote.

Sasa chukua kalamu nyekundu. Zungushia kila kituo ambacho kikifungwa mzigo hauna pa kupita. Hapa ndipo wengi hujidanganya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu atakuambia ana njia mbili kwa sababu anatumia Malaba na Busia. Hizo ni milango miwili ya nyumba moja. Zote zinategemea bandari ya Mombasa, madereva walewale, na zote zikielekea Kampala zinavuka Nile pale Jinja. Madereva walipogoma 2022, aliyehamia Busia alikuta wenzake wameshatangulia kukwama.

Mwingine atasema, "Mimi nina Dar es Salaam kupitia Mutukula." Vizuri, hiyo kweli ni njia nyingine, bandari nyingine na nchi nyingine. Lakini lori la Mutukula, mpakani na Tanzania, linaloenda Kampala linapita Masaka, na kati ya Masaka na Kampala kuna kinamasi cha Lwera na daraja la Katonga. Mei 2023, magari yalipoelekezwa kuzunguka kupitia Mpigi, Gomba na Sembabule, njia hiyo ya akiba nayo ilikuwa imeumia. Njia mbili zinazokufa kwa ugonjwa mmoja zihesabu kuwa moja.

Kwa walio kaskazini hesabu ni tofauti. Karuma ilipofungwa, malori mazito ya Arua na Gulu yalielekezwa kuzunguka mashariki, kupitia Soroti na Lira hadi Kamdini. Mwenye duka Arua anayenunua kila kitu Kampala alilipia kilomita hizo zote. Lakini mzigo unaoingia kwa Malaba unaweza kuteremkia Tororo au Mbale, ukapanda Soroti na Lira bila kuiona Kampala wala Karuma. Kama uko Lira na bado mzigo wako wa Mombasa unapelekwa Kampala kwanza ndipo urudishwe kwako, uliza kwa nini. Mara nyingi jibu ni mazoea.

Hatua ya 2: Hesabu siku

Fungua daftari la stoo. Kwa kila bidhaa ya maana andika namba tatu: unauza ngapi kwa siku, mzigo huchukua siku ngapi kufika kwa kawaida, na ulipochelewa zaidi ulichukua siku ngapi.

Tuseme una duka la vifaa vya ujenzi Mbale na unaagiza vitasa kutoka China. Unauza 12 kwa siku. Kwa kawaida mzigo hufika siku ya 60 tangu kulipa, lakini kuna mara ulifika siku ya 95. Tofauti ni siku 35. Zidisha kwa 12, unapata vitasa 420. Hiyo ndiyo akiba yako ya tahadhari. Na kiwango cha kuagiza tena ni 95 mara 12, yaani 1,140. Stoo ikishuka hapo, unaagiza, hata kama rafu bado inaonekana imejaa.

Akiba ina bei, na lazima uijue. Kitasa kikikugharimu shilingi 25,000, hao 420 ni shilingi milioni 10 na laki tano zilizolala. Ukikopa benki kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, unalipa milioni mbili na laki moja, karibu 175,000 kwa mwezi. Linganisha na faida unayopoteza rafu ikiwa tupu mwezi mzima, na fundi akahamia duka la jirani asirudi. Kwa bidhaa nyingine akiba inalipa, kwa nyingine hailipi hata kidogo.

Kwa hiyo usiweke akiba ya kila kitu. Tenga bidhaa ambazo zikikosekana kazi inasimama: bearing ya kinu, dawa ya kutibu maji, mifuko ya kufungashia. Hizi ziwekee akiba nzito hata kama huuza kidogo. Kinu cha Kisenyi chenye magunia ya mahindi hadi darini hakisagi chochote kama mkanda umekatika na mwingine uko Mombasa. Zile zinazonunuliwa kwa mazoea, na mteja hukubali aina nyingine, ziwekee kidogo.

Hatua ya 3: Ipitie njia ya pili kabla ya kuihitaji

Njia ya akiba ambayo hujawahi kuitumia ni maneno tu. Siku ya shida utakuta wakala wa forodha hakujui, dhamana ya mzigo wa kupita haijaandaliwa, na bei imepanda kwa sababu kila mtu amekimbilia hapohapo.

Peleka sehemu ndogo ya mzigo wako, tuseme kontena moja kati ya tano, kupitia Dar es Salaam. Ndiyo, ni ghali zaidi. Mombasa hadi Kampala ni karibu kilomita 1,170, na Dar ni mbali zaidi kwa mamia ya kilomita. Hiyo tofauti ihesabu kama bima. Unacholipia ni wakala anayejibu simu yako, na mtu wako wa ofisi anayejua karatasi za Tanzania.

Ziwa nalo usilisahau. Mzigo unaweza kwenda kwa reli hadi Mwanza, ukavuka Victoria kwa meli ya kubeba mabehewa hadi Port Bell, bandari ya Kampala. Ni njia nzuri kwa mzigo mzito usio na haraka, kama vile ngano, mbolea au chuma. Kasoro yake ni kwamba meli ni chache, ikiingia matengenezo unangoja. Kwa upande wa Kenya kuna reli ya kisasa hadi Naivasha, na kutoka hapo reli ya zamani hadi Malaba. Reli yetu ya kisasa ya Malaba hadi Kampala ilitiwa saini Oktoba 2024 na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki, kilomita 272. Ipangie mipango siku treni ya kwanza itakapopita, usiipangie leo.

Hatua ya 4: Karatasi zitangulie lori

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa wakala mzuri anayajua haya. Chini ya himaya moja ya forodha ya Afrika Mashariki, ushuru wa bidhaa zinazoingia Uganda hulipwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, mzigo ukiwa bado bandarini. Maana yake karatasi zinaweza kuanza meli ikiwa baharini. Anayengoja kontena litue ndipo atafute ankara, analipa ada ya kukaa bandarini kwa uzembe wake.

Hakikisha cheti cha ubora cha UNBS, shirika la viwango la Uganda, kinachotolewa kabla ya kusafirisha kimekatwa huko mzigo unakotoka. Tarehe ya kurudisha kontena tupu ining'inie ukutani, maana hela nyingi hupotelea hapo: mzigo umeshauzwa, kontena limegeuzwa stoo ya muda nyuma ya duka, na kule Mombasa faini inahesabiwa kwa dola kila kukicha.

Mfanyabiashara mdogo wa Busia au Mutukula naye ana njia yake: bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupita kwa utaratibu rahisi na cheti cha asili kinachotolewa palepale mpakani. Wengi bado huzipitisha njia za panya wakati mlango uko wazi.

Na weka nakala za karatasi zenyewe, zilizochapwa. Intaneti ilipozimwa 2021, aliyekuwa na kila kitu ndani ya barua pepe hakuwa na kitu. Pesa za simu nazo zilisimama. Kiasi cha fedha taslimu cha kulipa mafuta, posho na wapakuaji kwa wiki moja kiwe ndani ya sefu msimu wa uchaguzi.

Hatua ya 5: Msikilize dereva, na umlipe anapongoja

Hakuna mtandao wa habari ulio mwepesi kuliko madereva wa barabara ya Mombasa. Ujumbe wa sauti kutoka Malaba hufika kabla ya taarifa yoyote ya serikali: "Bosi, hapa pamechafuka. Foleni imepita mizani, jamaa wanasema hawapimwi mpaka walipwe. Mimi nimezima gari, nimebakiwa na maji na mkate. Usipakie lile lingine." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani. Lori la pili likibaki ghalani Mombasa, umeokoa mafuta, posho, na pengine mzigo wenyewe.

Lakini dereva atakuambia ukweli huo akiwa na sababu ya kukuambia. Kama malipo yake ni ya safari tu, siku za kungoja anakula kwa mfuko wake, na hapo ndipo dizeli huanza kuuzwa kwa jerikeni. Weka kiwango cha posho ya siku ya kungoja, kiandikwe, na kiwahusu dereva na utingo. Katika migomo ya mpakani wenye malori hupenda kuwalaumu madereva. Mtu anayelala chini ya trela wiki nzima, akitakiwa alipie mwenyewe kipimo, hahitaji mchochezi.

Kundi la WhatsApp la madereva, wakala na mtu wa stoo linatosha. Weka kanuni moja: habari za njia tu, hakuna salamu za Ijumaa.

Hatua ya 6: Usimtegemee muuzaji mmoja, wala mnunuzi mmoja

Muuzaji wa pili si lazima awe wa bei nzuri. Anatakiwa awe mahali pengine. Kama wote wawili wanapakia bandari moja ya China, umebadilisha jina tu. Pale ambapo bidhaa inatengenezwa hapa, kama saruji ya Tororo au sukari ya Kakira, nunua kidogo kwa uhakika hata msimu ambao ya nje ni nafuu. Wakati wa uhaba kiwanda huwaangalia kwanza wateja wake wa siku zote.

Kwa wanaouza nje, mnyororo una ncha ya pili ambayo husahaulika. Wakulima na madalali wa Kabale waliouza kila kitu Rwanda walikaa karibu miaka mitatu bila soko hilo. Mahindi yalipozuiwa Kenya, aliyekuwa amekausha vizuri alikuwa na hoja ya kujitetea. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kipimo cha unyevu ni kifaa cha kushika mkononi, na ushirika ukichanga unakipata. Anika kwenye turubai, kamwe si kwenye udongo, na hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Kuuma punje kwa meno, kama wafanyavyo madalali wengi, hakumridhishi mkaguzi.

Hatua ya 7: Punguza mafuta unayochoma

Watu wakisikia usafirishaji unaojali mazingira hudhani ni mambo ya wafadhili. Lakini moshi ni dizeli, na dizeli ni fedha yako. Biashara inayotumia mafuta machache kwa kila tani pia huumia kidogo zaidi siku mafuta yakipanda, kama 2008 na 2022. Kwa hiyo hatua hii ni ya kujilinda pia.

Anza na lori linalorudi tupu. Uganda huingiza mizigo mingi kuliko inayotoa kwa njia ya Mombasa, kwa hiyo malori mengi hushuka na upepo. Ukiwa na lori lako la Kampala kwenda Gulu, tafuta mzigo wa kurudi kabla halijaondoka: simsim, soya, alizeti. Ukubaliane na mnunuzi wa nafaka wa hapa mjini, agawane nawe gharama. Wenye maduka wa mtaa mmoja wanaweza pia kujaza lori moja badala ya kila mtu kutuma kanta yake nusu tupu. Ugumu hapo ni kuaminiana: kila mmoja anaogopa mwenzake ataona bei zake za kununulia. Funga ankara kwenye bahasha, dereva abebe orodha ya idadi tu.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi. Injini izimwe kwenye foleni. Usizidishe uzito: kikomo cha Afrika Mashariki ni tani 56 kwa lori la ekseli saba, na faini ya mizani hula faida ya zile tani za ziada. Kwa nyanya na matunda, kreti za plastiki zinazorudi hulipa haraka kuliko masanduku ya mbao, kwa sababu mzigo unaofika umepondeka umechoma dizeli bure.

Mzigo mzito usio na haraka upeleke kwa reli au maji kila nafasi ikipatikana. Ndani ya Kampala, bodaboda za umeme za kubadilisha betri zinafaa kwa vifurushi vidogo. Kwa malori ya masafa marefu, teknolojia hiyo bado haijafika kwa bei ya mfanyabiashara wa kawaida.

Hatua ya 8: Weka kalenda ya hatari ukutani, kisha ifanyie jaribio

Baadhi ya misukosuko haina tarehe, lakini mingine inayo. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba: chunguza Lwera, Katonga na barabara za milimani za Kigezi na Elgon. Mwaka mpya wa Wachina, kati ya 21 Januari na 20 Februari: viwanda hufungwa, agiza mapema. Desemba: bandari na mipaka hujaa. Uchaguzi wa Kenya: 10 Agosti 2027. Mzigo wa wiki zinazofuata siku hiyo uwe umeshavuka Malaba Julai.

Halafu, mara moja kwa kila msimu, kaa na watu wako saa moja. Mtu wa stoo awepo, wa hesabu awepo, na dereva mmoja. Sema: "Malaba na Busia zimefungwa tangu asubuhi. Tuna malori mawili njiani na kontena moja bandarini. Tunafanya nini?" Kisha nyamaza. Usijibu wewe. Ona nani anajua namba ya wakala wa Dar, nani anaweza kuidhinisha malipo wewe ukiwa msibani Fort Portal, na nani ataamua mteja yupi apewe katoni za mwisho.

Hilo la mwisho liandikwe. Bila kanuni, katoni za mwisho huchukuliwa na mwenye sauti kubwa au shemeji. Andika nani wa kwanza: hospitali na shule, kisha wateja wa mkopo wanaolipa kwa wakati, kisha wengine kwa kiasi sawa. Amua pia bei itapanda hadi wapi. Wateja wa Kikuubo wana kumbukumbu ndefu kuhusu nani aliwakamua Januari 2022.

Majibu yatakayokosekana kwenye kikao yawe na jina na tarehe kabla watu hawajainuka. Anayetafuta wakala wa Mutukula aanze kesho asubuhi, na mzigo wa majaribio uondoke mwezi huu, hata kama ni nusu lori.